Kila idara inavutia kwake: ramani ya bidhaa tuirudisheje mikononi?

SWALI: Shikamoo dada. Ninasimamia bidhaa kwenye kampuni ya programu hapa Dar es Salaam. Tunatengeneza mfumo wa SACCOS: akiba, hisa, mikopo na malipo ya simu. Madevelopa wako saba. Januari tulipanga ramani ya mwaka mzima, yaani mpango wa tutakachotengeneza na lini, robo kwa robo, menejimenti yote ikaipitisha. Sasa ni Mei, na kati ya vitu 14 vya robo ya kwanza tumemaliza vinne tu. Watu wa mauzo wanamwahidi mteja kwanza, sisi tunaambiwa baadaye. Mkurugenzi akiwa safarini anamwandikia developa moja kwa moja kwenye WhatsApp. Huduma kwa wateja wana orodha yao, uhasibu wana yao. Nilijaribu kukataa, nikaambiwa mimi mgumu. Nikaleta utaratibu wa kupeana alama, kila mtu akalipatia ombi lake alama 10. Na Ijumaa hii mkurugenzi anakutana na mteja mkubwa. Nasikia atamwahidi programu ya simu ya wanachama ifikapo Agosti. Nifanyeje ramani irudi mikononi mwetu bila kugombana na watu?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nilikaa zaidi pale uliposema kila mtu alilipatia ombi lake alama 10. Ugonjwa wote uko hapo. Wale watu hawakukudanganya. Aliye mauzo ana mteja ambaye mkataba wake unakaribia kuisha. Kwake huyo ni 10 kweli. Aliye huduma kwa wateja anapokea simu zile zile kila asubuhi kuhusu risiti isiyochapika; kwake risiti ni 10. Uliwauliza jambo lao lina uzito gani, wakakujibu ukweli wao. Swali ambalo hakuna aliyewauliza ni hili: hilo lako likiingia, litoke lipi?

Pasipo swali hilo kila ombi linaonekana la bure. Anayeleta haoni kilichosukumwa nyuma ili lake lipite, kwa hiyo ukikataa anaona roho mbaya, haoni hesabu. Wewe peke yako ndiye unayeiona hesabu, na umeibeba kichwani, unawajibu mmoja mmoja kwenye korido na kwenye simu. Kwa mpango huo utaitwa mgumu hata uwe mpole namna gani. Kazi yako ya miezi miwili ijayo ni kuitoa ile hesabu kichwani mwako na kuiweka mahali ambapo wote wataiona, kisha kuwaacha wao kwa wao waamue nani ampishe nani.

Utaratibu wa alama usiutupe. Ule wa RICE uliotoka kampuni ya programu ya Intercom, kwa mfano, unaopima jambo litawafikia wangapi, litawasaidia kiasi gani, tuna uhakika gani, na kazi yenyewe ni kubwa kiasi gani, unafaa sana ukiwa wewe na timu yako mnajaribu kufikiri sawasawa. Usiufanye hakimu kati ya idara zinazogombania nafasi. Mtu akishajua kwamba alama ndiyo inayompitisha mlangoni, atajifunza kuijaza.

Anza kwa kuhesabu, kabla hujaitisha kikao chochote. Chukua kila kitu ambacho timu imekigusa na hakijamfikia mteja: kilichoandikwa nusu, kinachosubiri kupimwa, kilichokwama kwa sababu benki au mtandao wa simu haujajibu, na kile developa alichoanza baada ya ujumbe wa mkurugenzi na hukijui. Hicho cha mwisho utakipata kwa kukaa na kila mmoja wao kwa utulivu na kumwahidi kwamba hakuna atakayelaumiwa. Kisha hesabu mmemaliza vitu vingapi kwa wiki katika wiki nane zilizopita. Kumaliza maana yake mteja anakitumia, siyo kwamba kimeingia kwenye sava ya majaribio.

Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha jambo ambalo kila aliyesimama kwenye foleni ya benki analihisi: kwa wastani, muda wa kusubiri ni idadi ya walio kwenye foleni ugawanye kwa kasi ya kuhudumiwa. Tuseme umekuta vitu 27 viko wazi na mnamaliza vitatu kwa wiki. Kitu kinachoanza leo kitachukua wiki tisa kumfikia mteja, kwa wastani, hata kama kazi yake halisi ni ya siku nne. Madevelopa wako hawajachoka wala hawajazembea. Wiki zote hizo kitu kinakaa foleni, kinasubiri mkono ulioshika kitu kingine. Na ukifungua vitu 10 zaidi ili kuridhisha watu, huongezi hata kimoja kinachomalizika. Unarefusha tu muda wa vyote.

Nakueleza haya kwa sababu nimeyaona yakifanya kazi. Kwenye kampuni moja niliyowahi kufanya kazi, tulibandika vikaratasi 31 kwenye kioo cha chumba cha mikutano, kila kimoja na jina la kitu, jina la aliyeomba, na tarehe kilipoanza. Hatukuitisha mtu. Mkuu wa mauzo alipita kuchukua chai, akasimama. Akaanza kuhesabu vyenye jina lake kwa kidole, akafika 12. Akarudi nyuma kidogo, akavuta kimoja, akasema huyu mteja alishahama Februari. Akavuta cha pili, cha tatu, cha nne. Vinne kati ya 12 vilikuwa vya wateja ambao hawapo tena, na kwa kimoja wapo developa wetu mzuri kuliko wote alikuwa na wiki ya tatu. Aliviweka mezani bila kusema neno, akaondoka na chai yake. Tangu siku ile sikuwahi kubishana naye tena kuhusu kama timu ina nafasi au haina.

Ukishakuwa na hesabu, weka kikomo. Madaladala ya Dar yaliwahi kupakia leveli siti, na kila abiria alielewa bila kuelezwa: viti vikijaa, wa kusimama hapandi, na anayetaka kupanda angoje mmoja ashuke. Fanya hivyo hivyo. Kwa madevelopa saba, mimi ningeanza na viti saba, labda vinane, yaani vitu vinavyofanyiwa kazi kwa wakati mmoja, na ningevipunguza baadaye. Vitu vingine vyote virudi kituoni. Usivifute, vipange tu kwamba bado havijapanda.

Halafu itisha kikao cha meza moja, kila baada ya wiki mbili, dakika 45, na wakae wale wenye kauli: mauzo, huduma kwa wateja, uhasibu, mkuu wa ufundi, mkurugenzi au aliyemkasimu. Asiye na uwezo wa kuamua asitumwe kumwakilisha mwenzake, maana atasema atarudi na jibu, na jibu halitarudi. Mezani weka karatasi za viti vyenu, kubwa, zisomeke kutoka mbali. Anayetaka jambo lake lipande aseme lipi lishuke, na aseme mbele ya mwenye lile linaloshushwa. Hapo utaona kitu cha ajabu: mauzo na huduma kwa wateja wanaanza kuzungumza wao kwa wao. "Hii risiti yako, wangapi wamelalamika?" "Sitini, na wawili wameacha kulipa." "Basi mimi nasubiri wiki mbili." Wewe hukusema hapana hata mara moja. Kazi yako pale ni kuleta gharama na ukweli, na kuandika kilichoamuliwa, kisha muhtasari huo ufike kwa wote jioni ile ile.

Ila usije ukawafikisha mezani kikavu. Wazee wetu wanajua kwamba kikao kinaanza kabla ya kikao. Siku mbili kabla, pita kwa kila mmoja dakika 15, akueleze anachotaka, umweleze nani mwingine anagombea nafasi ile. Mtu mzima hapendi kushangazwa mbele ya mkurugenzi wake, na akishangazwa atapigania heshima yake, jambo lenyewe atalisahau.

Katika ziara hizo ndogo kuna hazina, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu timu nyingi zinapoteza miezi kwa kupaharakisha. Wadau wanaleta suluhisho. Tatizo wameliacha nyumbani. Wanasema "tunataka kitufe fulani", na sisi tunaandika "kitufe fulani". Uliza: nani amekwama? Amekwama wapi, siku gani? Na kwa sasa anajisaidiaje? Hilo la tatu ndilo linalofungua mlango.

Wakati fulani watu wa mauzo walinililia ripoti ambazo mteja angezitengeneza mwenyewe, achague safu, achague vichujio, apakue kwa Excel. Madevelopa wakapiga hesabu: wiki sita. Nikaomba nimwone anayeitaka. Alikuwa karani wa mikopo kwenye SACCOS moja ndogo, chumba kimoja, feni moja. Nikamwambia anionyeshe anavyofanya sasa. Akachapa orodha yetu ya mikopo, kurasa tisa, akachukua rula na kalamu ya kijani, akaanza kuweka alama kwenye mikopo iliyochelewa: ya mwezi mmoja alama moja, ya miezi mitatu alama mbili. Kisha akafungua Excel na kuingiza jumla kwa mkono kwenye jedwali la taarifa ya msimamizi. SACCOS za Tanzania ziko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, zinasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na taarifa lazima ziende kwa mpangilio uliowekwa. Yule dada hakuhitaji kuchagua safu. Alihitaji jedwali moja, lililokwisha kujazwa, lenye mikopo iliyopangwa kwa umri wa kuchelewa. Kazi ya siku nne. Aliponionyesha kidole chake chenye wino wa kijani aliniambia amekuwa akifanya hivyo kila mwisho wa mwezi kwa miaka miwili. Wiki sita za timu zilikuwa zinakwenda kuliwa na kitu ambacho kisingemtoa kwenye ile rula.

Kwa hiyo mchukue mtu wa mauzo mkaenda wote kwa mteja, angalau mara moja kwa mwezi. Akishaona kwa macho yake, hataleta tena kitufe, ataleta kisa.

Nije kwenye ramani yenyewe. Ile ya mwaka mzima, robo kwa robo, kila kitu na tarehe yake, iliwaumiza tangu siku mlipoipitisha. Mwezi Januari mlikuwa hamjui kazi ya Oktoba ina ukubwa gani, lakini mliipa tarehe, na idara zote zikaisoma kama ahadi. Ahadi ya kwanza ilipovunjika, kila mtu alijifunza kwamba ramani haiaminiki na njia ya kupata kitu ni kumshika developa. Tumia safu tatu: Sasa, Inayofuata, Baadaye. Anayetajwa kuianzisha ni Janna Bastow, mmoja wa waanzilishi wa ProdPad, programu ya kupangia ramani za bidhaa, na uzuri wake ni kwamba inakiri kiwango cha uhakika ulichonacho. Andika tatizo la mteja, siyo jina la kitufe: "karani anajaza taarifa ya msimamizi kwa mkono".

Wapo wenzangu wanaosema tarehe zisitolewe kabisa. Mimi sikubaliani nao. Mwenye SACCOS anapanga mafunzo ya makarani, anapanga mkutano mkuu, anahitaji tarehe ili aishi. Toa tarehe kwa kilicho kwenye Sasa tu, baada ya madevelopa kukifungua na kukiona kwa ndani, na ukishaitoa ishike kama deni. Kwa vilivyo kwenye Inayofuata, waandikie watu wa mauzo sentensi mbili wanazoweza kumsomea mteja: tatizo lako tunalijua, ni la pili kwenye foleni, tutakupa tarehe kazi ikifunguliwa. Wakikosa sentensi watabuni tarehe.

Kuna mgeni mwingine ambaye haombi kiti, anakaa tu. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Bajeti inasomwa Juni, Sheria ya Fedha inapita, na kila mwenye mfumo unaogusa pesa anajua kinachofuata. Kumbuka 2021: tozo ya miamala ya simu ilianza Julai 15, na Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Viwango vilibadilika mara mbili ndani ya miezi miwili, na mfumo wowote unaomwonyesha mwanachama makato ya muamala ulilazimika kubadilika mara mbili. Nilikuwa na timu iliyokuwa imejaza Julai yote kwa ahadi za wateja, tulizivunja zote. Ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, nayo haikuuliza kama tuna nafasi. Na wateja wako wanaofunga mahesabu Desemba watakuja Januari wote kwa pamoja.

Acha basi viti vitupu. Vingapi, mimi siwezi kukupangia nikiwa huku. Rudi nyuma miezi sita, hesabu katika vilivyomalizika vingapi viliingia kwa dharura. Kama ni kimoja kati ya vitatu, na mwenendo haujabadilika, theluthi ya viti vyako iache wazi, na mtu akisema unapoteza nafasi mwonyeshe hesabu ya miezi sita.

Maombi yaliyokaa kituoni zaidi ya miezi sita bila mtu kuyatetea yaondoe, mjulishe mwenyewe kwa jina na kwa sababu. Yenye uhai yatarudi.

Sasa mkurugenzi na WhatsApp yake. Usimkataze. Anakwenda kwa developa kwa sababu huko anajibiwa ndani ya dakika tano, na kwako pengine anajibiwa Jumatatu. Kubaliana na madevelopa sentensi moja, ya heshima, wote waitumie: "Nimepokea mkuu, nimeshamfikishia msimamizi wa bidhaa, atakujibu leo kabla ya saa kumi." Kisha wewe umjibu kabla ya saa kumi, kila mara, hata kama jibu ni kwamba umelielewa, ukubwa wake ni wiki mbili, na ili lipande itabidi ripoti ya mikopo ishuke, uamuzi ni wake. Usipolishika hilo la saa kumi, mpango wote umekufa. Mkuu wa kampuni ana haki ya kugeuza gari. Unachomwomba ni ageuze akiwa ameshika usukani mbele ya wote, siyo kwa kumvuta abiria mmoja dirishani. Mmoja wa wakuu wangu wa zamani nilimpa kiti chake maalumu, kimoja kwa robo, aweke atakacho bila kuulizwa. Robo ya kwanza alikitumia wiki ya pili. Robo ya tatu hakukigusa.

Imebaki Ijumaa yako. Hesabu ifanye leo na kesho, isiwe nzuri sana, karatasi moja inatosha. Alhamisi omba dakika 20 na mkurugenzi, peke yenu, na usianze kwa kulalamika kuhusu WhatsApp wala mauzo. Hayo yana siku yake. Mwambie unajua umuhimu wa huyu mteja na unataka aende akiwa na kitu mkononi. Muwekee karatasi: vitu vilivyo wazi, mnavyomaliza kwa wiki, muda unaotoka hapo, na Juni na Julai zikiwa zimewekewa alama ya bajeti. Kisha mpe njia mbili ulizozikokotoa na mkuu wa ufundi. Ya kwanza: Agosti mwanachama aone salio na taarifa ya mkopo wake kwenye simu, bila kulipa wala kuomba mkopo, na ili iwezekane vitu kadhaa vishuke leo, viorodheshe na majina ya wateja wake. Ya pili: programu kamili, tarehe itolewe mwishoni mwa Julai baada ya mabadiliko ya bajeti kujulikana, na Ijumaa mteja aombwe atoe makarani wawili mkae nao wiki mbili zijazo. Muulize pia kama unaweza kwenda naye kwenye kile kikao. Wakuu wengi hukubali, wanapenda kuwa na mtu wa kujibu maswali ya ufundi.

Akichagua ya kwanza, mwombe awapigie mwenyewe simu wenye vitu vinavyoshuka, siku ile ile, kabla hujawaambia wewe. Niandikie Jumatatu uniambie alichagua ipi.